Mama Mushonaji na Umri wa Shakwe

Mteja aliyefika kwa Mama Mushonaji kabla ya saa mbili asubuhi alikuta mlango umefungwa kwa ukanda wa kitambaa na cherehani ndani imefunikwa shuka. Majirani hawakujisumbua kueleza. Walinyoosha kidevu kuelekea ziwani, basi. Huko nyuma ya nyumba za Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, kwenye mchanga ambapo wanawake huanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ungemkuta amepandisha kitenge kidogo kwa ajili ya maji, jumela yake, darubini ya macho mawili, ikining'inia shingoni, anatazama ndege.

Ndivyo nilivyomfahamu. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na nilikuwa nimetumwa kumpelekea vipimo vya yunifomu. Nikamwamkia, nikafungua karatasi yangu na kuanza kusoma. Akainua mkono.

"Madamu, ngoja kwanza. Ile ndege kule, yenye kusimama ku jiwe. Mudomo yake iko rangi gani?"

"Nyekundu, Mama."

"Nyekundu yote?"

Nikatazama tena. Haikuwa nyekundu hata kidogo. Ilikuwa ya udongo, kama chai iliyotiwa maziwa mengi, na ncha yake nyeusi. Nyekundu ilikuwa ya ndege mwingine aliyesimama pembeni, na mimi nilikuwa nimempa huyu mdomo wa mwenzake.

"Sasa umeona," akasema. "Leta vipimo."

Tulikaa jirani miaka mingi baada ya asubuhi ile, na sikumbuki siku hata moja aliyonisalimu ufukweni bila kuniuliza juu ya mdomo wa ndege fulani.

Sijui alizaliwa wapi. Wapo waliosema ametoka Lemera, wapo waliosema Nyakabere kwa sababu dada yake alilima huko, na mwenyewe hakuwahi kuona kwamba jambo hilo lina maana. Alishona. Yunifomu za shule, majoho ya kwaya, nguo za harusi, mashati ya wavulana wanaokwenda kwenye mtihani wa serikali. Macho yake yalikuwa ya fundi. Ukimletea kitambaa cha kijivu kurekebisha suruali, alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, halafu akakwambia hapana, hiki si cha mzigo ule wa kwanza, utaona tofauti ukishatoka nje. Na ulipotoka nje uliiona.

Nadhani macho hayohayo ndiyo yaliyompeleka kwa shakwe. Sisi wengine tulikuwa tunaona ndege weupe wa ziwa, wenye kelele, wezi wa ndagala. Yeye aliona kijivu cha aina tatu. Aliona kwamba kijivu cha mgongo si kile cha kichwa, na kwamba kichwa chenyewe hupauka na kurudi kadiri ya majira. Aliona jicho: la mkubwa jeupe lililozungukwa na duara jekundu, la mtoto jeusi. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoachwa na mmisionari, chenye ukurasa mmoja tu kuhusu shakwe. Ukurasa huo ulikuwa na ndege wakubwa peke yao. Yote mengine aliyoyajua aliyapata kwa kusimama mchangani.

Alikuwa na masharti yake. La kwanza, usimtajie jina la ndege. "Usiniambie jina," alisema. "Niambie yenye uliona." La pili, anza na mdomo, halafu mgongo, halafu bawa, halafu mkia, kwa mpangilio huo, kama mtu anayekagua shati kuanzia kola. Nikiruka mgongo kwa haraka ya kufika mkiani, alinirudisha. Miguu aliiacha mwisho. Alisema miguu huingia matope na humdanganya mtu.

Alikuwa mtu wa kusali, na alikuwa na kasoro zake. Kanisani kwetu alikaa daima mwisho wa benchi la tatu, upande wa dirisha linalotazama ziwa. Mchungaji alilijua hilo. Siku moja katikati ya mahubiri alinyamaza, akasubiri, kisha akasema kwa upole, "Mama, akisharuka utatuambia." Kanisa zima likacheka, naye akacheka pia, lakini hakuhama benchi.

Alikuwa na wivu vilevile. Alifundisha kila mtu aliyetaka kusikiliza, ila ukimwambia umeona ndege ambaye yeye hajamwona mwaka huo, uso wake ulikunjamana. Nilipoona ndege wangu wa kwanza kabla yake, shakwe mkubwa wa mgongo mweusi, mmoja wa wale wanaokuja kwetu kutoka mbali wakati wa baridi ya Ulaya, alinihoji kama polisi wa mpakani. Mdomo? Mgongo? Bawa? Aliporidhika, hakuzungumza nami hadi kesho yake. Ndipo akaja na sahani ya samaki wa mukeke wa kuchoma, akaiweka mezani kwangu na kusema, "Uliona muzuri." Akaenda zake.

Na jambo ambalo lilitufurahisha wote: mwanamke huyu aliyeweza kukwambia umri wa shakwe yeyote kwa kumtazama kutoka hatua hamsini, alikataa katakata kusema wa kwake. Karani aliyepita kuandikisha watu aliondoka na nafasi tupu kwenye karatasi. "Andika mukubwa," alimwambia. "Mudomo yangu imeshageuka rangi zamani."

Lakini si kwa sababu ya vichekesho hivyo nimeamua kuandika juu yake. Nataka kueleza mwaka wa kuku.

Ilikuwa kiangazi. Kuku wa mtaa wetu walianza kufa. Asubuhi uliwakuta wamepinda shingo, na kufikia jioni banda lilikuwa kimya. Nyumba kwa nyumba ilikuwa hivyo. Wakati huohuo ufukweni walionekana ndege wa kahawia, wengi kuliko kawaida, wakichangamana na wale weupe. Mtu mmoja alisema ndege hawa ni wageni, hawakuwapo zamani. Mwingine akasema wamevuka ziwa na ugonjwa. Baada ya juma moja hakuna aliyekumbuka nani alianza, kila mtu alilijua.

Mkuu wa wavuvi, ambaye sote tulimwita Prezida, aliita mkutano kwenye hangari yao, ghala la nyavu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza kuku kumi na wawili wa mke wake, na nyumbani hakuwa na amani. Alisema komite ya wavuvi imeshapata sumu ya panya, itachanganywa na ndagala na kumwagwa mchangani alfajiri, ndege wa kahawia waile na kufa, mambo yaishe.

Mama Mushonaji alikuwa amekaa nyuma kati ya wanawake wanaoanika samaki. Alisimama. Hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni, na sauti yake ilianza ikiwa chini.

"Prezida, minye niko na swali moya tu. Hii ndege nyeupe munaiona tangu mulizaliwa, sivyo?"

"Tunaiona."

"Nani hapa ameshaona mutoto yake?"

Mvuvi mmoja mwenye miaka thelathini ziwani alisema labda wanazaa mbali. Mwingine akasema labda wanazaa milimani. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto wa ndege mweupe.

"Mumeshawaona," akasema Mama. "Kila mwaka munawaona. Banazaliwa kule Ruzizi, ku mchanga ya mtoni, banakuja huku na nguo ya kahawia. Hii ndege munataka kuua si mugeni. Iko batoto ya hapa kwetu."

Hapo kelele zikaanza. Kijana mmoja alisema mshonaji ashone, mambo ya ziwa awaachie wenye mitumbwi. Prezida aliwanyamazisha, lakini naye alitikisa kichwa.

"Mama, maneno ni maneno. Ndege ya kahawia itakuwaje nyeupe? Weye uliona na macho?"

"Niliona."

"Sisi hatukuona."

"Basi nitawaonyesha. Nipe mpaka mvua ianze. Na hiyo sumu, ufikiri tena. Hawa bamama banaanika samaki ku mchanga ileile. Batoto banaokota ndagala ileile."

Wanawake waliomzunguka wakaanza kunung'unika, na hilo, zaidi ya habari za ndege, ndilo lililompa muda. Prezida akakubali. Mpaka mvua. Lakini sumu alisema ataitunza.

Siku mbili baadaye shakwe mmoja wa kahawia alinaswa kwenye wavu uliokuwa umeanikwa. Mama aliitwa akaacha vazi la bibi harusi chini ya sindano. Alimtoa ndege kwa mkasi, taratibu, akamshika mabawa yakiwa yamefungwa mwilini, kisha badala ya kumwachia akamtuma mtu kumwita Prezida. Mfukoni alikuwa na ukanda mwembamba wa bluu, kitambaa cha yunifomu ya shule yetu.

"Funga weye mwenyewe ku muguu," akamwambia. "Usikaze. Kesho usiseme nilibadilisha ndege."

Prezida alifunga, ndege akamng'ata kidole, watu wakacheka. Mama akapiga mishono miwili juu ya fundo. Halafu akamgeuza ndege aonekane na wote, akaeleza polepole: mdomo wa udongo wenye ncha nyeusi, mgongo wa kahawia wote, jicho jeusi, mkia wenye mstari mweusi mwishoni. Aliwataka wavuvi watatu warudie. Walirudia. Akamwachia, naye akaruka juu ya mitumbwi kuelekea upande wa mto.

Hakurudi.

Juma la kwanza Mama hakuwa na wasiwasi. Juma la tatu alianza kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa pili alikuwa anafunga duka hata mchana, na wateja walinung'unika. Jumamosi nilimfuata. Tulipanda pikipiki mpaka karibu na mdomo wa Ruzizi, tukatembea kwenye matete tukiwaogopa viboko, tukatazama miguu ya shakwe mia kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Jumamosi nyingine tulikwenda kusini hadi Kalundu. Ndege wa kahawia walikuwapo, na kweli walikuwa wanageuka. Nilimwona mmoja mwenye mabaka ya kijivu mgongoni, nikamshika Mama mkono kwa furaha.

"Hana kitambaa," alisema. "Hawatakubali. Batasema ile ni ingine."

Njiani kurudi akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake. "Madamu, kama ilikufa, basi ilikufa kwa kitambaa yangu. Labda ilinaswa." Nilimwambia haiwezekani, fundo lilikuwa legevu. Usiku ule, dada yake aliniambia baadaye, hakula.

Mawingu yalianza kujikusanya juu ya milima ya Lemera. Mtaani watu walianza kuniuliza, wakitabasamu, kama Mama ameshapata mtoto wake. Kuku waliobaki walikuwa wazima kwa muda sasa, lakini hakuna aliyependa kulizungumzia hilo. Sumu ilikuwa bado iko kwenye hangari, kwenye kopo la maziwa, juu ya rafu.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Jumatano. Alhamisi nilikuwa darasani nikifundisha hesabu nilipomwona Prezida mwenyewe akipita dirishani anakimbia. Mtu mzima, mnene, viatu mkononi. Niliwaacha watoto na kazi ubaoni nikatoka nyuma yake.

Alikuwa amefika dukani na kusimama mlangoni akihema.

"Mama, kuja."

"Nini?"

"Kuja tu."

Tulimkuta ndege juu ya pua ya mtumbwi wa Prezida mwenyewe. Ukanda wa bluu ulikuwa umepauka, lakini mishono miwili ilionekana kwa jumela. Mama alitazama kwa muda, kisha akaivua jumela shingoni na kumpa Prezida.

"Sema weye. Ulishika mwenyewe. Anza na mudomo."

Wavuvi walikuwa wameshazunguka, na wanawake wa ndagala, na watu waliokuwa wanapita tu. Prezida akaweka jumela machoni.

"Mudomo... iko inaanza kuwa nyekundu. Huku karibu na uso. Ncha ingali nyeusi."

"Mugongo?"

"Mugongo iko kijivu," akasema. "Yote. Kijivu kama ya wale wakubwa."

"Bawa?"

"Bawa iko na kahawia kidogo. Imebaki pale juu ya bega."

"Mukia?"

"Mustari mweusi ungali."

"Basi haijamaliza," akasema Mama Mushonaji. "Mwaka ujao mukia itakuwa nyeupe yote, kichwa kitaingia kijivu, na jicho itakuwa nyeupe. Mutaona."

Prezida alishusha jumela. Nilidhani atasema kitu kirefu, maana alipenda hotuba. Badala yake akamgeukia kijana yuleyule aliyesema mshonaji ashone. "Nenda hangari," alisema. "Leta ile kopo." Walichimba shimo refu mbali na maji, nyuma ya ukuta wa hangari, wakaifukia sumu, na Prezida aliukanyaga udongo yeye mwenyewe mpaka ukawa mgumu. Wanawake wa ndagala walipiga vigelegele. Mmoja wao alimvika Mama kitenge kipya mabegani palepale mchangani, naye alikigusa kwa vidole viwili, akakipima uzito wake kwa mazoea, akasema ni kizuri.

Mganga wa mifugo aliyepita baadaye alitueleza kwamba kuku walikufa kwa kideri, kama wanavyokufa viangazi vingine, na akawachanja wengine. Lakini kufikia wakati huo hapakuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa. Wavuvi walikuwa wameshaambukizwa kitu kingine. Ungewasikia asubuhi wakishusha nyavu, wakibishana: huyu ni wa mwaka wa kwanza, hapana, tazama mdomo, huyu ni wa pili. Walimletea Mama mabishano yao kama watu wanaopeleka kesi kwa chifu, naye aliwauliza swali moja moja mpaka mwenye kosa alijiona mwenyewe. Mwaka uliofuata, ndege wa ukanda wa bluu alirudi akiwa na kichwa cha kijivu na mdomo mwekundu kote, na Prezida alilipia soda za watu wote waliokuwapo. Mama alimkamata kwa kipande cha samaki, akakata ukanda. Alisema sasa ni mkubwa, hana haja ya yunifomu.

Nilihamia Bukavu baadaye kwa kazi, na kwa miaka kadhaa nilipata habari zake kwa simu tu. Niliporudi Uvira mwezi wa pili wa mwaka huu, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kula sehemu ya ufuko tuliouzoea, na hangari ilikuwa imejengwa upya juu zaidi. Niliambiwa Mama Mushonaji haoni vizuri tena. Ukungu ulikuwa umemwingia macho yote mawili. Cherehani alikuwa amemwachia mpwa wake.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya maji, mikono magotini. Nilipomwamkia alinijua kwa sauti. Hakuniuliza habari za Bukavu.

"Madamu, kuna kelele ya ndege mukubwa pale. Sauti iko nzito. Iko wapi?"

Alikuwa kwenye nguzo ya zamani iliyobaki majini, shakwe mkubwa wa mgongo mweusi, mmoja wa wale wageni wa kaskazini. Nilianza kusema jina, akainua mkono uleule. Basi nikaanza na mdomo.

"Njano, Mama, lakini si njano safi. Una mshipi mweusi karibu na ncha."

"Kuna alama nyekundu chini?"

"Kidogo sana. Kama inataka kutoka."

"Mugongo?"

"Mweusi, ila bawani kuna kahawia iliyochanganyika."

"Mukia?"

"Mweupe, una madoa machache."

Alifumba macho, ambayo hayakuwa yanamsaidia hata hivyo. "Hajafika miaka mitatu," akasema. "Iko na miaka mbili na nusu. Zaidi kidogo."

Wakati huo ndege alisogea, nikaona kwamba mguuni ana pete ya rangi yenye herufi na tarakimu, kama zile ambazo wataalamu huwafunga ndege ili kuwatambua. Prezida, ambaye sasa ana mvi, alisogeza mtumbwi wake polepole, akapiga picha kwa simu yangu. Nikaituma kwa watu wanaokusanya habari za pete kama hizo. Kesho yake na keshokutwa yake Mama alifika ufukweni kabla yangu, na kila nilipotoa simu alinigeuzia kichwa kusikiliza.

Jibu lilikuja siku ya nne. Wavuvi walikuwa wanashusha nyavu, wakasimama kusikiliza. Nikalisoma kwa sauti. Ndege amefungwa pete akiwa kifaranga ambaye bado hajaruka, nchini Ufini, mwezi wa saba. Nilihesabu kwa vidole mbele yao, mwezi kwa mwezi, kutoka Julai ile hadi siku tuliyomwona. Miaka miwili na miezi saba.

Prezida alivua kofia. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kupiga makofi, na makofi yakasambaa mpaka kwa wanawake wa ndagala, ambao hawakuwa wamesikia lolote ila walipiga kwa sababu waliona nani ameketi kwenye kiti. Mama Mushonaji alikaa wima kabisa, uso ameuelekeza ziwani, na alikuwa anatabasamu kwa meno yote, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Aliacha makofi yaishe. Kisha akanivuta kitenge.

"Sawa," akasema. "Sasa ile yenye kulia nyuma ya mitumbwi. Mudomo?"